Yai la Kwanza la Alhamisi Kuu

Binti yangu alianza kuwa mwekundu, na sisi tukafurahi.

Alikuwa amepakatwa na bibi yake kando ya jiko la kuni, asubuhi ya Alhamisi Kuu, jua halijavuka bado mgongo wa mlima. Sufuria ya rangi nyekundu ya mayai ya Pasaka ilikuwa ingali ikitoa mvuke. Mama mkwe wangu, Bibi Stamena, alikuwa ameopoa yai la kwanza, lile ambalo kwetu haliliwi wala haligonganishwi na mengine kwa mchezo, bali huwekwa chini ya picha ya Bikira Maria mpaka Pasaka ya mwaka mwingine. Kabla ya kuwekwa huko lina kazi moja. Alimsugua nalo mtoto kwenye paji la uso, kisha shavu hili na lile, kisha kidevuni, akinong'ona maneno aliyoachiwa na bibi yake mwenyewe: "Uwe mweupe, uwe mwekundu, mwaka mzima ugonjwa usikujue."

Yai lenyewe lilikuwa limepasuka katika maji yaliyochemka, ute ukachomoza kwenye ufa. Mwanamke mwingine angelitupa akachukua jingine. Bibi Stamena hakuwa mwanamke mwingine. Kwake la kwanza lilikuwa la kwanza, hata likiwa na kilema. Alilisugua hivyo hivyo, na kile kipande cha ute kilichochomoza akakimega kwa ukucha, akamtia mtoto mdomoni apate nguvu.

"Tazama rangi inavyomkubali," akaniambia. "Kaitika, mjukuu wangu."

Kweli alikuwa ameitika. Jina lake ni Rumena, ambalo kwetu maana yake ni msichana wa mashavu mekundu, na ni bibi yake aliyemchagulia, kwa kuwa alizaliwa amepauka, hana damu usoni. Mwaka mzima na ushei tulikuwa tukingoja jina lifanane na mtu. Basi nilisimama pale na mwiko mkononi nikacheka. Mashavu yakakolea, masikio yakakolea, shingo ikakolea. Shingoni yai halikugusa. Hapo kicheko kikanikatika. Nikachovya kitambaa kwenye maji nikamfuta, rangi ya sufuria ikatoka yote ikahamia kitambaani, na chini yake mtoto akabaki mwekundu vilevile.

Hayo ni mambo ya zamani. Nimeyakumbuka kwa sababu Jumapili iliyopita mtoto huyo alinipigia simu kutoka jijini Sofia. Siku hizi ni mhandisi wa madaraja, ana mume mpole na tumbo la miezi minane. Alikuwa analia, naye si mtu wa kulia.

"Mama, mtoto katanguliza matako," akasema. "Madaktari hawataki kungoja tena. Wiki ijayo wananipasua."

"Hata wewe ulitanguliza matako. Ni ukaidi wa ukoo."

Hakucheka. Alikuwa amesoma kwenye simu yake habari za watoto wanaozaliwa kwa upasuaji, kwamba hupata pumu, hupata mzio, kwamba vyakula huwageukia. Alikuwa amemeza antibiotiki mwezi wa tano wa mimba. Kwa wiki nyingi hakuweza kukaa na chakula tumboni. Aliyataja moja moja kwa sauti ya mtu anayetubu. "Nitamfanya awe kama nilivyokuwa mimi," akasema, "na itakuwa nimemfanya mwenyewe."

Nilikuwa nimekaa jikoni, kwenye kiti kilekile cha bibi yake. Maneno yale nilikuwa nayajua kwa uzito wake, maana niliyabeba kabla yeye hajajua kutembea.

Mimi ni mtu wa bondeni, wa mji wa Plovdiv. Niliolewa huku milimani na Karamfil, dereva wa lori la magogo, mwanamume mwema ambaye barabara ilimwona kuliko nilivyomwona mimi. Kwa hiyo ukisema ukweli, niliolewa na mama yake. Bibi Stamena alikuwa mfupi, mgumu, mwenye kilemba cheusi na ulimi usiolala. Alinipenda kwa namna yake. Alinifunika miguu nikisinzia, kisha asubuhi akawaambia majirani kwamba mkaza mwana wake analala kama gogo la mwanawe.

Mimba ya Rumena ilinikataza mayai. Sikuamua mimi. Harufu tu ya yai kwenye kikaango ilinitoa nje mbio, nikatapika kwenye theluji nikiwa nimeshika nguzo ya zizi. Na nyumba yenyewe ilikuwa nyumba ya kuku: kuku uani, kuku ngazini, kuku chini ya mzabibu, na mama mkwe ambaye kila ugonjwa wa duniani aliujibu kwa yai.

"Kula hata nusu, we binti. Huli kwa ajili yako tu."

"Mama, siwezi."

"Mtoto anayenyimwa yai tumboni, yai litamkataa duniani."

Alisema hivyo huku anapangusa sahani, bila ubaya, kama mtu anayesema kesho kutanyesha. Sikulisahau neno lile.

Baadaye figo zilinishika, nikapewa vidonge vya rangi mbili, nikavimeza nikilia. Baadaye tena ikaonekana mtoto kakaa vibaya. Nikapasuliwa mwezi wa Februari, barafu ikiwa imeziba madirisha ya wodi. Mimi ni fundi cherehani, mshono mbaya naujua nikiuona, na ule ulikuwa mbaya. Niliporudi nyumbani ulifunguka, homa ikapanda, nikarudishwa hospitali kabla siku zangu arobaini hazijatimia. Rumena alibaki kwa bibi yake na kopo la maziwa ya unga.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Mwanamke yule alimlea binti yangu majuma yale yote peke yake, akiamka kila alipolia, akimkanda tumbo, akimwimbia kwa sauti yake ya kukwaruza. Niliporudi nilimkuta mtoto ameongezeka. Mashavu tu ndiyo yalikuwa mabaya. Ukurutu ulikuwa umeyapasua, yanatoa maji, yanamwasha mpaka anayasugua kwenye shuka. Na yalikuwa yanang'aa ajabu, yamekazana kama ngozi ya ngoma.

"Ni ute wa yai," Bibi Stamena akanieleza. "Ute hufunga ngozi. Mikono hii unayoiona ingekuwa imekwisha zamani kwa baridi."

Kila asubuhi alikwenda bandani, akarudi na yai lenye joto la kuku bado, akalivunja kwenye kikombe, akatia kidole, akampaka mtoto polepole akizunguka lile shavu. Nilikuwa nimelala na mpira wa kutolea usaha tumboni, nikimtazama, na moyo wangu ulijaa shukrani. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Lakini ulimi wake haukuwa na likizo. Majirani walipokuja kumwona mtoto, mmoja akiuliza kwa nini ngozi iko vile, yeye alicheka akajibu: "Mungu aliweka mlango. Huyu kaingia dirishani, kama mwizi. Sasa mnategemea nini?" Wakacheka wote, hata mimi, ijapokuwa kucheka kulinivuta mshono. Mara ya kwanza ilikuwa utani. Mtoto akipata mafua, ni dirisha. Akikosa usingizi, ni dirisha. Alipolishwa kiini cha yai kilichopondwa, akakitema, midomo ikatoka vipele, bibi yake akafuta kijiko kwenye aproni akanitazama. "Si nilisema," akasema. "Alikikataa kutoka kwako." Neno dogo likirudiwa kila siku huota mizizi. Usiku huo nililitazama kovu langu kwenye kioo nikaanza kuliamini.

Basi sasa rudi nami kwenye Alhamisi ile, kitambaa mkononi, mtoto mwekundu.

Midomo ilivimba kwanza. Kisha jicho moja likafumba. Kisha akaanza kukohoa kikohozi kikavu, kifupi, cha kubisha hodi, na kati ya kikohozi na kikohozi nikasikia filimbi kifuani mwake. Nilimnyakua mapajani mwa bibi yake nikatoka uani sina viatu, nikiita jina la Metodi.

Metodi, jirani yetu, alikuwa anamtia kondoo wa Pasaka kwenye kiti cha nyuma cha gari lake ampelekee shemeji yake. Alinitazama usoni mara moja. Alimvuta kondoo kwa miguu akamwacha anakimbia barabarani, nasi tukaingia mahali pake, kiti kina joto na kinanuka sufu. Bibi Stamena aliingia upande wa pili bila koti. Barabara ya kushukia mjini ni kona juu ya kona. Nilimshika mtoto wima, kifua chake kwenye changu, nikapumua kwa nguvu kana kwamba naweza kumpumulia. Mama mkwe alikuwa ameshika miguu yake miwili midogo. Viganja vyake vilikuwa vyekundu mpaka kwenye vifundo kwa rangi ya mayai, na kila kona gari lilipotuyumbisha, rangi ile ikaacha alama kwenye soksi nyeupe za mtoto. Hakusema dirisha. Alikuwa anasali, lakini midomo ilikuwa inakosea maneno.

Kwenye zahanati walimchoma sindano pajani. Nilimshikilia, na polepole ile filimbi kifuani ikashuka, ikawa pumzi. Alilia kwa sauti kubwa. Sijapata kusikia wimbo mtamu kama ule.

Muuguzi alituambia lazima tumwone bingwa wa watoto Plovdiv, na baada ya Pasaka tukaenda, sisi watatu, kwa basi. Karamfil alikuwa na magogo ya kushusha upande wa mpakani. Nilitaka kwenda peke yangu na mtoto. Bibi Stamena alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya kanisani, amesimama mlangoni na kikapu. "Mtu aeleze mambo sawasawa," akasema.

Daktari Ignatova alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya sigara na meza iliyojaa vikombe vya kahawa vilivyopoa. Alimpa Rumena kifaa chake cha kusikilizia kifua achezee, akamkwaruza mgongoni kwa sindano ndogo ndogo zilizochovywa kwenye vyakula, akangoja. Moja ya alama zile ikafura kama ameumwa na nyuki. Ilikuwa ya ute wa yai. Kisha akaanza kuuliza.

"Alizaliwa vipi?"

Sijafungua mdomo, mama mkwe akajibu. "Kwa kisu, daktari. Liandike hilo."

"Na mimba ilikwendaje?"

"Mayai hakula hata moja. Yeye mwenyewe hapa. Liandike na hilo. Na vidonge akameza."

"Alinyonya?"

"Angenyonya wapi? Mama alikuwa hospitali, anaoza tumbo."

Nilikuwa nimekaa na mikono mapajani kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kila jibu lilikuwa la kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Mwisho nilishindwa. Nikauliza swali nililokuwa nalo tangu Februari ya mwaka uliopita.

"Daktari, ni mimi?"

Alivua miwani. "Unaitwa nani, mama?"

"Nevena."

"Nevena, sikiliza. Nikikusanya watoto elfu waliozaliwa kwa upasuaji, na elfu waliopita njia ya kawaida, huenda kwa wale wa kwanza wenye mzio wakazidi kidogo. Huenda. Wenzangu wanabishana. Na dawa, na maziwa, na ng'ombe uani, kila kimoja huenda kikasukuma kidogo huku au kule. Lakini kwa huyu mmoja anayenitafunia mpira wa kifaa changu hapa, siwezi kukwambia ni kipi. Hakuna awezaye. Mayai uliyotapika hayana kosa. Nina wanawake waliokula mayai mimba nzima wakaniletea watoto wa namna hii hii. Na bila kile kisu, leo tungekuwa hatuzungumzi."

Bibi Stamena alikohoa. Daktari hakumtazama.

"Mimi kinachonihangaisha ni ngozi," akaendelea. "Ilipasuka lini?"

"Mapema," nikasema. "Akiwa kwenye mwezi wake wa pili."

"Haya ninayosema sasa sina kitabu cha kukuonyesha. Ni mawazo yangu, kwa kuona wengi. Chakula kikipita mdomoni, mwili hukipokea kama mgeni aliyebisha hodi. Kikipita kwenye ngozi iliyochanika, mwili hushika rungu. Na haukisahau. Mlikuwa mnampaka nini mashavuni?"

Nje magari hayakusikika, au labda masikio yangu ndiyo yalikuwa yameziba. Sikumtazama mama mkwe usoni. Niliona mikono yake tu. Ilikuwa juu ya kikapu, na chini ya kucha rangi ya Pasaka ilikuwa haijaisha. Taratibu aliiondoa pale, akaificha chini ya shali. Alikuwa ameelewa kabla yangu.

Nitasema nilivyohisi, kwa kuwa sina sababu ya kujipamba. Nilihisi furaha. Fimbo niliyochapwa nayo mwaka mzima ilikuwa imeanguka miguuni pangu, na kuinama tu kulitosha. Ningesema, "Mwulize yeye, daktari. Liandike hilo." Maneno yalikuwa yamekwisha kupangana mdomoni.

Kisha Rumena, ambaye hakujua kitu, alinyoosha mikono kwa bibi yake apakatwe. Mama mkwe hakumpokea. Alibaki na mikono chini ya shali, anamtazama mtoto kama mtu aliyekatazwa kugusa chombo cha watu.

"Ute wa yai," nikasema. "Nilikuwa nampaka mimi. Kila asubuhi."

Daktari Ignatova alinitazama, akamtazama mama mkwe, akanitazama tena. Nadhani alijua. Mtu aliyelazwa hospitali, tumbo linaoza, hawezi kwenda bandani kuchukua yai.

"Bibi yangu mimi alinipaka tope la mtoni," akasema. "Mlipaka mlichokuwa nacho, kwa kutaka apone. Sasa acheni, basi. Na yai asiguse mpaka nitakapowaambia."

Wahenga husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ule haukuwa usufi. Nilipotoka mlangoni nilijuta papo hapo, na kwenye basi nikajuta zaidi, kwa maana mama mkwe hakusema lolote. Kituo kikapita, na kingine, milima ikaanza kutuzunguka, mtoto akalala mapajani mwake. Nilingoja. Neno moja lingenitosha. Karibu na nyumbani alifungua mdomo.

"Mtoto kalala," akasema. Basi.

Kesho yake nilikwenda kwenye karakana ya kushona. Niliporudi jioni uani kulikuwa na ukimya ambao sikuweza kuutambua mara moja. Ilinichukua muda kujua kinachokosekana. Banda lilikuwa wazi, limefagiliwa, limepakwa chokaa, na ndani kumepangwa kuni. Kuku wote walikuwa kwa Metodi, nilikuwa nawasikia ng'ambo ya ukuta wakigombana na wenyeji. Mwanamke wa milimani bila kuku ni kama kanisa bila kengele. Watu watauliza.

"Kuku wako wapi, Mama?"

"Walikuwa wamezeeka," akajibu, akiwa ananipa mgongo. Nusu yao walikuwa vifaranga wa mwaka ule.

Watu wakauliza kweli. Akawajibu hivyo hivyo, wamezeeka, na jirani mmoja alipochombeza kwamba labda dawa za mkaza mwana wa mjini ndizo zimewaua, alimfungia geti. Neno dirisha sikulisikia tena nyumbani mwetu. Hata mimi nilipolitaja lile la kweli, kwamba linavuja hewa na baridi inaingia, alisema, "Hicho kioo cha upande wa kaskazini."

Lakini asante hakuniambia, wala samahani. Sikuwa malaika. Miaka ya kwanza nilizitafuta kila alipovuta pumzi ya kusema kitu. Baadaye nikaacha kuzitafuta, nikabaki na kijidonda kidogo ambacho hakiumi mpaka ukibonyeze.

Pasaka iliyofuata nilijua tutafanya nini Alhamisi Kuu: hatutafanya kitu. Nilikuwa nimejiandaa. Nikaamka nikamkuta mama mkwe jikoni amekaa na Rumena, na juu ya jiko kuna sufuria mpya, ndogo, ambayo haijawahi kuona yai. Viatu vyake vilikuwa vimelowa. Alitia kijiko ndani ya sufuria, akaopoa jiwe.

Lilikuwa jiwe la mtoni, jeupe, laini, lenye umbo la yai la kuku mkubwa. Alikuwa amelichemsha kwenye rangi tangu alfajiri, nalo lilikuwa limekubali upande mmoja tu, na hata huo haukukolea. Alilipuliza lipoe. Akalijaribisha kwanza kwenye shavu lake mwenyewe, akangoja kitambo, anajipapasa. Kisha akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile kuombwa ruhusa.

Nikamwitikia kwa kichwa.

"Uwe mweupe," akamwambia mtoto, "uwe mwekundu, mwaka mzima ugonjwa usikujue."

Mashavu ya Rumena yalipata rangi kidogo sana. Ikafutika kwa kitambaa.

Kila mwaka alifanya vile, kila mwaka jiwe likiongezewa rangi, hata mzio wenyewe ulipokwisha. Maana ulikwisha. Rumena akiwa darasa la nne daktari alimlisha kipande cha keki ofisini mwake, na tukakaa tukimtazama kama watu wanaongoja bomu, naye akaomba kingine. Kuku hawakurudi. Bibi Stamena alifariki Rumena akiwa sekondari, kwa mapafu, mwezi wa Machi, na mimi ndiye niliyemfunga kilemba chake cha mwisho.

Sehemu ya hayo ndiyo niliyomwambia binti yangu Jumapili, kwa kifupi, ili aache kulia. Nilimweleza ya watoto elfu kwa elfu. Nilimwambia kwamba mwanamke akizaa kila mtu humtafutia kosa, na asipopatikana wa kumtafutia hulitafuta mwenyewe, na kwamba kisu nilichokionea haya mwaka mzima ndicho kilichonipa mtu wa kunipigia simu.

"Ile ya ngozi ndiyo wameiandika siku hizi," akasema, anapenga kamasi. "Nimeisoma. Ngozi iliyopasuka, chakula kikapitia hapo. Daktari wako alikuwa sahihi."

"Basi ngozi ya mwanao uipake mafuta, ukiona imepasuka umpeleke hospitali. Mengine yaache."

"Na mimi nilipakwa yai."

"Nilikupaka mimi," nikasema. Nimelisema mara nyingi kwa madaktari, kwa walimu, kwa Karamfil hata, na limelainika kama jiwe lenyewe. "Nilikuwa sijui."

Nikamsikia anavuta kiti akakaa.

"Mama," Rumena akasema, "Bibi alishaniambia."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba ni yeye. Nilikuwa naogopa ile keki, unakumbuka? Nilikataa kwenda. Akanikalisha kwenye mlundo wa kuni kule bandani, akanionyesha mikono. Akasema, mikono hii ndiyo iliyokufanya hivyo, mama yako akajisingizia mbele ya daktari ili mimi niendelee kukushika. Akasema siku wewe, Mama, ukiniambia ulinipaka wewe, nikuache useme, maana umelizoea neno hilo. Ila nijue."

Nililia, na sikujaribu kuficha, na binti yangu ambaye alipiga simu nimbembeleze akawa ananibembeleza yeye. Miaka yote ile nilidhani hakunipa kitu. Kumbe alimpa mtu aliyenitunzia.

"Mama, lile jiwe unalo?"

"Lipo. Chini ya Bikira Maria."

"Njoo nalo, basi."

Nilipanda kwenye kiti nikaliteremsha. Upande mmoja ulikuwa umepauka kabisa, upande wa pili, pale alipokuwa akilishikia kwa dole gumba, rangi ilikuwa bado ipo. Nililiosha kwa sabuni, nikalikausha, nikalitia ndani ya soksi ya sufu, na soksi nikaitia mfukoni mwa koti ninalosafiria.